Tovuti inayofikika: jinsi ya kuitambua, na jinsi ya kumpongeza aliyeitengeneza

Mimi sioni, na kazi yangu ni kujazia watu fomu mtandaoni. Nina steshenari ndogo Morogoro, upande wa Msamvu, na wateja wangu ni wale wale wa steshenari zote za nchi hii: anayeomba chuo, anayeomba mkopo, anayetafuta ajira, anayetaka namba ya malipo haraka kabla ofisi haijafungwa. Mpwa wangu anashika skana na mashine ya kutolea kopi. Kibodi ni yangu. Mteja mgeni akikaa huwa anasita kidogo, maana skrini nimeipunguza mwanga mpaka mwisho (siihitaji, na LUKU hailiwi bure), halafu kompyuta inaanza kunisemesha kwa kasi ambayo yeye hashiki hata neno. "Dada, hiyo unaielewa kweli?" Naielewa. Tuendelee, taja jina lako la mwisho.

Kwa kazi hii napita kwenye tovuti nyingi kuliko watu wengi wanaoona, na kuna jambo sisikii likisemwa. Malalamiko juu ya tovuti mbovu yapo tele, na yana haki yake: shirika la WebAIM la Marekani hukagua kila mwaka kurasa za mbele za tovuti milioni moja zenye wageni wengi zaidi duniani, na mwaka 2025 asilimia 94.8 zilikutwa na makosa ya ufikivu, yaani yale yanayomkwamisha mtu mwenye ulemavu. Lakini tovuti nzuri nazo zipo, nyingine za hapa hapa nyumbani, na tatizo lake ni kwamba wenyewe hawajui kuwa ni nzuri. Kijana aliyeitengeneza alifanya kazi yake vizuri, hakuna aliyemwambia, akahama. Bajeti ya ukarabati ikaja, tovuti ikajengwa upya na mtu mwingine, na kile kilichokuwa kinatusaidia kikatupwa kama takataka kwa sababu hakikuandikwa popote kwamba kina faida.

Kwa hiyo nitaeleza mambo mawili: namna ya kuitambua tovuti nzuri, na namna ya kusema umeiona. Kwa yote mawili huhitaji kuwa kipofu, wala kuwa fundi wa kompyuta.

Ninaposema tovuti inafikika, maana yangu ni nyepesi. Asiyeona, mwenye uoni hafifu, kiziwi, asiyeweza kushika mausi, wote wanamaliza kilichowaleta bila kumwita mtu pembeni. Upo mwongozo wa kimataifa unaoitwa WCAG, unaotolewa na W3C, shirika linaloweka viwango vya mtandao. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1999, na la karibuni, namba 2.2, lilitoka Oktoba 2023. Una ngazi tatu, A, AA na AAA, na inayodaiwa mara nyingi ni AA. Kumbuka hizo herufi mbili, zitakufaa mbele. Mengine waachie mafundi.

Weka mausi pembeni

Jaribio la kwanza halihitaji programu yoyote. Fungua tovuti kwenye kompyuta, sogeza mausi mbali, kisha bonyeza Tab. Bonyeza tena, na tena. Kila ukibonyeza unatakiwa kuhamia kwenye linki, kitufe au kisanduku kinachofuata. Shift pamoja na Tab zinakurudisha nyuma, Enter inafungua linki, na kile kitufe kirefu cha nafasi kinatia tiki.

Sasa jiulize: unajua uko wapi? Tovuti nzuri inakizungushia mstari kile ulichokifikia. Vivinjari huuchora mstari huo vyenyewe bila kuombwa, kwa hiyo ukiona haupo, ujue kuna mtu ameufuta kwa makusudi kwa kuwa ulimharibia urembo wa ukurasa. Mimi mstari huo haunisaidii kitu. Lakini nina mteja ambaye mikono yake inatetemeka, hawezi kulenga kwa mausi, macho yake ni mazima na kibodi anaimudu. Akiondolewa mstari, ameondolewa tovuti.

Katika jaribio hilo hilo angalia menyu kama inafunguka kwa Enter au inasubiri mausi ipite juu yake. Likijitokeza dirisha la tangazo, bonyeza Esc uone kama linafunga. Tovuti mbovu huacha Tab izunguke nyuma ya dirisha, unabonyeza vitu usivyoviona. Na uangalie Tab ya kwanza kabisa ilikupeleka wapi. Waliofikiria vizuri huweka hapo linki ya kuruka menyu yote na kutua kwenye habari yenyewe. Ukiikuta, hiyo ni dalili njema, iandike.

Isikilize

Hatua ya pili ni kuwasha kisoma skrini, ile programu inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini. Lakini kabla hujakiwasha kwenye simu, jifunze kwanza kukizima. Simu za Android zina kisoma skrini chake, TalkBack, ndani yake, na ikishawaka mambo yanabadilika: kugusa mara moja kunasoma tu, kugusa mara mbili haraka ndiko kunafungua, na kushusha ukurasa unatumia vidole viwili. Watu wameniletea simu dukani wakiamini zimerogwa, kumbe mtoto aliwasha TalkBack kwa bahati mbaya. Ukishafahamu hayo, telezesha kidole kimoja kulia, kidogo kidogo, na usikilize kila kinachotajwa.

Kwenye kompyuta ya Windows pakua kisoma skrini kinachoitwa NVDA. Ni ya bure, ilianzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh, na ndiyo inayoniingizia chakula mezani. Kuizima ni Insert na Q. Inakuja na sauti za eSpeak NG, ikiwemo ya Kiswahili, ambayo ni kavu mno lakini inatamka inavyotakiwa.

Fungua makala yoyote ndefu ya Wikipedia ya Kiswahili, kisha bonyeza herufi H. Utaruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine, na kwa muda mfupi sana utakuwa umeshika mpangilio wa makala nzima. Mimi husoma hivyo: napitia vichwa kwanza, kama wewe unavyotupa jicho juu ya ukurasa, kisha nachagua pa kusimama. Sasa nenda kwenye tovuti unayotaka kuipima ubonyeze H. Ikikuambia hakuna kichwa hata kimoja wakati macho yako yanaona maandishi makubwa meusi kila mahali, basi aliyejenga alikuza herufi tu, hakuweka kichwa. Kwangu ukurasa huo ni gunia la maneno lisilo na mlango.

Bonyeza Insert na F7 upate orodha ya linki zote. Hapa tovuti za habari hujianika. Soma zaidi, soma zaidi, soma zaidi, bonyeza hapa, soma zaidi. Ipi ni ya matokeo ya mtihani na ipi ni ya mpira? Tovuti nzuri linki zake zinajieleza zenyewe hata ukizitoa mahali pake: "Matokeo ya kidato cha nne", "Pakua fomu ya uhamisho".

Kisha G, ya picha. Picha inatakiwa kuwa na maelezo mafupi ambayo hayaonekani kwenye skrini lakini yanasomwa na kompyuta. Yasipowekwa, wakati mwingine kompyuta inajitafutia jina la faili. Fikiria umefungua taarifa ya kuzinduliwa kwa kituo cha afya, na katikati ya sentensi unasikia herufi I, M, G, halafu mkia mrefu wa tarakimu, halafu WA, halafu sifuri kadhaa. Hapo najua mara moja kwamba picha ilitoka WhatsApp ya ofisa fulani ikabandikwa ilivyo. Maelezo mazuri hayahitaji ushairi. "Mkuu wa mkoa akikata utepe mbele ya wodi mpya ya wazazi" inatosha. Picha ya pambo tu, kwa mfano maua ya pembeni, inatakiwa iachwe na maelezo matupu ili irukwe kimya, na mtengenezaji anayelijua hilo ni wa kushikwa mkono.

Jambo moja ambalo wanaoona hawawezi kulihisi kabisa ni lugha. Kila ukurasa unabeba maandishi ya siri yanayoitaarifu kompyuta umeandikwa kwa lugha gani. Kurasa nyingi za Kiswahili zimeandikiwa kwamba ni za Kiingereza, kwa sababu aliyezijenga aliacha mpangilio aliokutana nao. Matokeo yake kompyuta inasoma "jina la mwombaji" na "wilaya anayoishi" kwa mdomo wa Mwingereza aliyeshuka uwanja wa ndege leo asubuhi. Kuhakiki ni rahisi: ukiwa kwenye ukurasa bonyeza Ctrl na U, angalia mistari ya juu kabisa. Ukikuta lang="sw" kwenye ukurasa wa Kiswahili, umekutana na mtu makini. Ukikuta lang="en", hilo ni kosa ambalo fundi analirekebisha bila hata kumaliza chai, na ni zuri kuanzia unapotaka kuombea marekebisho.

Fomu ndiyo mtihani wenyewe

Tovuti inaweza kufaulu yote hayo ikaanguka kwenye fomu, na watu wengi hawaendi kwenye tovuti kusoma. Wanakwenda kuomba kitu.

Kila kisanduku kinatakiwa kuwa na jina lililofungwa nacho kwenye msimbo, yaani maandishi ya ndani yanayoijenga tovuti. Lisipofungwa, kompyuta inanitajia kwamba hapa pana sehemu ya kuandika, kisha inanyamaza. Niandike nini? Jina, namba ya NIDA, au jina la mama? Wewe unayeona una njia ya kulijua hilo bila kisoma skrini: bofya lile neno lenyewe, siyo kisanduku. Bofya juu ya "Jina la kwanza". Kishale cha kuandikia kikiruka kikaingia kwenye kisanduku, jina limefungwa vizuri. Kwenye visanduku vya tiki ni hivyo hivyo, ukibofya maneno tiki inatakiwa iingie. Jaribio hili ni la sekunde chache na huniambia zaidi ya ukurasa mzima wa ahadi kwamba "tunajali watumiaji wote".

Jihadhari na fomu zinazoweka jina ndani ya kisanduku kwa rangi hafifu. Ukianza kuandika, jina linafutika. Mteja akipokea simu katikati akarudi, hajui tena alikuwa anajaza nini, hata kama macho yake ni ya tai.

Sasa tarehe ya kuzaliwa. Wabunifu wanapenda kalenda ndogo inayofunguka. Kalenda inafunguka kwenye mwezi huu wa mwaka huu, mteja amezaliwa 1994, na kuna kishale kimoja cha kurudi mwezi mmoja nyuma. Hesabu mwenyewe. Serikali ya Uingereza, kwenye tovuti yake ya GOV.UK, inashauri kitu cha kizamani kabisa kwa tarehe ambayo mtu anaikumbuka kichwani: visanduku vitatu, siku, mwezi, mwaka, unaandika. Nikikutana na visanduku vitatu kwenye fomu ya kwetu huwa nasema "asante" kwa sauti, na mteja anadhani namwambia yeye.

Halafu kuna orodha ya mikoa. Naomba ukae kidogo hapa, maana hili haliandikwi mara nyingi. Nafika kwenye orodha kwa Tab na kubonyeza mshale wa chini. Orodha inaanza na Arusha. Nabonyeza mara moja, na kabla sijaendelea ukurasa unajipakia upya ili ulete wilaya za Arusha. Narudi kwenye orodha, nabonyeza tena, Dar es Salaam, ukurasa unajipakia tena, naletewa Ilala na Kinondoni. Morogoro iko chini kabisa huko baada ya Mbeya. Mwenye mausi hata hajui kwamba shida hii ipo, kwa kuwa yeye anabofya Morogoro moja kwa moja. (Ukikwama hivyo, bonyeza Alt na mshale wa chini kwanza, orodha ifunguke yote, shuka mpaka unapopataka, ndipo ubonyeze Enter. Njia hii imeniokolea bando nyingi.) Fomu iliyojengwa vizuri inasubiri. Inakuacha uchague, kisha inaleta wilaya kimya kimya bila kukurudisha juu ya ukurasa.

Baada ya hapo kosea makusudi. Andika namba ya simu pungufu, utume. "Tafadhali jaza sehemu zenye rangi nyekundu" ni jibu ambalo mimi halinifai, wala asiyetofautisha rangi halimfai. Jibu zuri linataja kisanduku na linataja kosa: "Namba ya simu ina tarakimu 9, inatakiwa 10." Linakupeleka hapo hapo, na halijafuta uliyokwisha kujaza. Fomu inayofuta kila kitu kwa kosa moja ni adhabu kwa kila mtu, ila mimi ndiye ninayelipia zaidi.

Kapcha, yale majaribio ya kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu, hasa za picha za herufi zilizopindapinda, nisiziongelee sana. Kama hakuna njia nyingine, safari yangu inaishia hapo, namwita mpwa. Namba ya uthibitisho inayotumwa kwa ujumbe wa simu ni nzuri zaidi, mradi muda wake uwe wa kutosha na kisanduku kikubali kubandika.

Tangazo lililopigwa mhuri

Ukitaka kupima ofisi kwa haraka kuliko njia zote, fungua ukurasa wake wa matangazo. Unafahamu safari ya tangazo la kazi: linachapwa vizuri kwenye kompyuta, linatolewa kwenye karatasi, bosi anasaini, mhuri unagongwa, karatasi inapitishwa kwenye skana, na kinachopandishwa mtandaoni ni picha ya karatasi ndani ya PDF. Maneno yote yalikuwepo kwenye kompyuta ile ile, yakauawa njiani ili mhuri uonekane.

Pima hivi: fungua PDF, jaribu kulitia kivuli neno moja kwa mausi. Au bonyeza Ctrl na F utafute neno unaloliona pale, kwa mfano "sifa". Kompyuta ikisema halipo wakati unaliona, hiyo ni picha. Mimi naifungua nakuta kimya. Mwenye uoni hafifu akiikuza herufi zinavurugika. Hata anayeona hawezi kunakili anuani ya barua pepe, anaichapa upya na kukosea herufi.

Ofisi inayoweka tangazo kama ukurasa wa kawaida, na nakala yenye mhuri chini yake kwa anayeihitaji, imemaliza kazi. Zipo zinazofanya hivyo. Hizo nazipa tano juu ya tano hata kama rangi zake, ninavyoambiwa, zinaumiza macho.

Mengine kwa kifupi

Toka nje saa saba mchana na simu yako ujaribu kusoma tovuti juani. Maandishi ya kijivu juu ya nyeupe yatapotea. WCAG inataka tofauti ya mwanga kati ya herufi na nyuma yake isipungue 4.5 kwa 1, na 3 kwa 1 kwa herufi kubwa, na katika ule ukaguzi wa WebAIM kosa hili ndilo linaloongoza. Ndugu zetu wenye ualbino, ambao wengi wao wana uoni hafifu, wanakutana nalo kila siku.

Kuza ukurasa kwa Ctrl na alama ya kujumlisha mpaka asilimia 200. Maneno yasigongane, vitufe visikimbilie nje ya skrini.

Video iwe na maandishi ya yanayosemwa. Na kama njia pekee ya kuwasiliana na ofisi ni namba ya kupiga, kiziwi amefungiwa mlango. Ujumbe mfupi, WhatsApp au barua pepe iwepo.

Usidanganywe na kitufe kile cha pembeni chenye alama ya mtu aliyenyoosha mikono, ambacho ukikibofya kinakuza herufi na kubadilisha rangi. Kinauzwa kama dawa ya kila kitu. Kuna kampuni moja ya vitufe hivyo, accessiBe, ambayo Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kuidai dola milioni 1 kwa tuhuma za kudai isivyo kweli kwamba zana yake inaweza kuifanya tovuti yoyote itimize WCAG. Fomu isiyo na majina inabaki fomu isiyo na majina hata ukiiwekea vitufe kumi. Vile vile alama 100 za programu ya kukagua, kama Lighthouse iliyo ndani ya Chrome, ni mwanzo mzuri tu. Programu inajua kama picha ina maelezo. Kama maelezo hayo ni ya kweli, haijui.

Ukiiona nzuri, iandikie

Hapa ndipo ninapotaka watu wabadilike. Kulikuwa na taasisi moja, siitaji, ambayo fomu yake ilikuwa haina mbwembwe: visanduku vyenye majina, tarehe ya kuandika, makosa yanayoelezwa. Wateja wake nilikuwa nawamaliza haraka kuliko wengine wote. Siku moja nikakuta tovuti mpya. Picha zinazotembea juu, kalenda, kapcha, menyu ya mausi. Nilipopiga simu kuuliza, kijana wa TEHAMA alinijibu kwa heshima kabisa: "Dada, ile ya zamani hatukujua kama kuna mtu anaipenda." Alikuwa anasema kweli. Kwenye faili lake hakukuwa na karatasi hata moja ya kumsaidia kuitetea.

Kwa hiyo andika. Usiseme kwa mdomo, maana maneno ya mdomo hayaingii kwenye kikao. Na usiandike "tovuti yenu ni nzuri, hongereni", kwa kuwa hiyo haimwambii mtu akitunze kitu gani. Taja vitu. Mimi huandika hivi:

"Habari za kazi. Mimi ni mtumiaji asiyeona, natumia programu ya NVDA. Leo nimejaza fomu yenu ya maombi mwanzo hadi mwisho bila msaada wa mtu. Vilivyonisaidia ni hivi: kila kisanduku kina jina linalosomeka, tarehe ya kuzaliwa inaandikwa badala ya kuchaguliwa kwenye kalenda, na nilipokosea namba ya simu nilielezwa kosa liko wapi. Naomba mfumo utakapobadilishwa, mambo haya matatu yabaki. Naomba pia ujumbe huu umfikie aliyeitengeneza fomu."

Sentensi mbili za mwisho ndizo zenye kazi. Ile ya kwanza inaweka sharti kwenye kumbukumbu. Ile ya pili inampa fundi karatasi ya kumwonyesha bosi wake.

Kama unaona, usijifanye huoni. Sema ulijaribu kwa kibodi peke yake ukafanikiwa, au kwamba baba yako mwenye mtoto wa jicho aliikuza akaisoma. Kwa ofisi za serikali ya Tanzania upo mfumo wa e-Mrejesho, ambao pamoja na malalamiko unapokea pongezi. Watu wanaujua kwa malalamiko. Jaza hiyo sehemu nyingine. Kwa programu za simu andika kwenye maoni ya Play Store, maana yale yanasomwa na wengi.

Na ikiwa mbovu? Andika pia, lakini kosa moja kwa ujumbe mmoja: ukurasa upi, ulikuwa unatumia nini, ulitaka kufanya nini, kikatokea nini. Ukiweza, rekodi sauti ya kisoma skrini kikitaja visanduku visivyo na majina, uitume. Fundi ambaye hajawahi kusikia fomu yake mwenyewe ikisomwa huchangamka haraka.

Kutaja vitu kwa majina kuna historia. Bruce Maguire, Mwaustralia asiyeona, alipoishtaki kamati ya Olimpiki ya Sydney kuhusu tovuti ya michezo ya 2000, alitaja hasa kilichomkwamisha: picha na linki zisizo na maelezo, orodha ya michezo isiyofikika kutoka ukurasa wa ratiba, na majedwali ya matokeo. Tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo iliamua kwa upande wake, na akalipwa fidia ya dola 20,000 za Australia. Huku kwetu sijataka kwenda huko, ila msingi upo: Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu chake cha 9 kinataja intaneti. Kenya imekwenda mbele zaidi, ikatoa mwaka 2022 kiwango chake cha ufikivu wa bidhaa na huduma za TEHAMA, KS 2952. Sentensi moja ya hayo kwenye barua inatosha, mwishoni, baada ya salamu na shukrani. Ukianza nayo utajibiwa na mwanasheria badala ya fundi.

Ukiwa wewe ndiye unayelipia tovuti, ya shule, ya saccos, ya kanisa au ya msikiti, una nguvu kuliko sisi wote. Andika kwenye mkataba kwamba itimize WCAG 2.2 ngazi ya AA. Halafu kabla ya malipo ya mwisho mwite fundi, mwondolee mausi, mwambie ajaze fomu yake mwenyewe mpaka atume. Akimaliza, mlipe. Asipomaliza, mpe chai arudi kazini.

Wakikujibu kwamba wamerekebisha, rudi ukapime kile kile ulichokitaja na uwaambie matokeo siku hiyo hiyo, kwa sababu fundi aliyerekebisha asisikie kitu hatarekebisha cha pili. Kupima kosa ulilolitaja mwenyewe ni bure. Lakini wakishakuzoea wataanza: dada, hebu tuangalizie mfumo wote. Huo sasa ni ukaguzi, una siku zake na una bei yake. Mimi huitaja bei kabla sijafungua kompyuta.